Bamba Lililokwepa Moto

Alizaliwa wapi, ukoo wake upi, alifikaje Tabora: hayo waulizwe wengine. Mimi nilimjua mikononi. Nilijua alivyoshika nyundo, alivyopuliza vumbi la chuma mezani, alivyokunja uso mtu akimletea patasi ya dukani aitazame. Mtendeni nzima walimwita Fundi tu. Mafundi walikuwa wengi, wa viatu, wa cherehani, wa nyumba, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, mtoto yeyote angekuelekeza kwenye kibanda chake cha mabati nyuma ya nyumba za Waarabu, ambako magobori yalisimamishwa ukutani kama wagonjwa wanaongoja dawa.

Mkono wangu wa kulia una vidole viwili, gumba na cha mwisho. Vitatu vya katikati vililiwa. Sisemi vilipotea, maana kitu kikipotea hakuna wa kuulizwa. Vililiwa, na waliovila nawajua, nami nitawataja kwa majina kabla sijamaliza, kwa kuwa nimechoka kusikia watu wakisema ilikuwa bahati mbaya. Nimesoma madarasa mawili kwa katekista, basi, na hapa naandika kwa mkono wa kushoto. Mwandiko ukipinda, maneno hayajapinda.

Lakini nianze na Fundi.

Kununua tupa moja kulimchukua asubuhi nzima. Aliingia dukani kwa Mzee Nasoro, Mwarabu wa ndevu za hina aliyeuza kila kitu kuanzia kanga mpaka misumari, akaomba tupa zote zilizopo. Alizichukua moja moja. Kila moja aliifunga uzi mkiani, akaining'iniza, akaigonga kwa ukucha na kuitegea sikio. Kisha alitoka nayo mlangoni, akafumba jicho moja na kuitazama kwenye mwanga kama imepinda. Mwisho alipitisha kidole gumba kinyume cha meno yake, taratibu, kama mtu anayejipapasa taya baada ya kunyoa.

"Fundi, unanunua au unaposa?" Mzee Nasoro alimwuliza siku moja nikiwepo.

"Kuposa ni rahisi. Mke akikushinda kuna talaka. Tupa mbovu nitaiacha kwa kadhi gani?"

"Basi chukua ile pale. Mpya, imetoka Ulaya."

Fundi akaigonga. "Hii inakohoa."

"Tupa inakohoa?"

"Ina ufa ndani. Mpe adui yako."

"Adui yangu ni wewe, unanimalizia asubuhi yangu!"

Wiki haikuisha, seremala mmoja aliyeinunua tupa ileile akapita Mtendeni ameishika vipande viwili. Fundi hakucheka. Alivipokea vile vipande, akavitazama ndani, akasema, "Pole, ndugu yangu. Niachie hivi, nitakutengenezea bisibisi mbili."

Vyombo vingi alivifua mwenyewe. Fuawe lake lilikuwa kipande cha reli alichokichimbia kwenye gogo. Patasi zilitoka kwenye springi za malori. Vichwa vidogo vya keekee, vya kutobolea matundu membamba, alivifua kwa mbavu za mwavuli. Aliwahi kupewa mkuki wa zamani sana, wa enzi za misafara, na mtu aliyetaka auweke ukutani kama pambo. Fundi aliushukuru, akaupima uzito, na jioni ulikuwa koleo. "Chuma cha kuning'inia ukutani kinaugua," alisema. Kwa mpini hakukubali mti mwingine ila mkole, maana unanepa na haupasuki. Mninga aliuachia vitako vya bunduki.

Kutia matiko, yaani kukipa chuma ugumu wake, alikufundisha kwa mambo ya huku kwetu. Unakipasha moto, unakizamisha, unakisugua king'ae, kisha unakirudisha karibu na moto polepole na kutazama rangi inavyotembea. Patasi ya mti uiondoe ikifika rangi ya asali ya nyuki wadogo. Ukingoja iwe asali nyeusi ya mwisho wa msimu, umechelewa. Springi iende mbali zaidi, mpaka bluu ya shingo ya kanga. Mtu asiyewahi kurina asali wala kumnyonyoa kanga alipata tabu kwa Fundi.

"Umeona nini?" angeuliza.

"Njano."

"Njano ni shati. Nimekuuliza asali gani!"

Alikuwa mkali, na ulimi wake ulikuwa mchafu kati ya sala na sala. Aliswali tano zote bila kukosa, akikunja mkeka anamtukana aliyemwekea vibaya nyundo. Alitengeneza bunduki maisha yake yote na mlio wa bunduki ulimtisha; mteja akitaka kujaribu gobori lake uwanjani, Fundi alijifanya anatafuta kitu ndani ya sanduku na kuziba masikio. Nyama ya porini hakula. Ukimwuliza kwa nini, alisema, "Ninajua ilivyokufa."

Kwenye chuma hakuwahi kudanganya mtu. Kwenye siku alikuwa mwongo hasa. Kila kazi ilikuwa ya kesho. Mzee mmoja alitembea kutoka Sikonge mara tatu kufuata gobori lake.

"Fundi, juzi ulisema kesho!"

"Na leo nasema kesho. Mimi nimebadilika wapi?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na yule mzee mwenyewe akacheka. Mimi siku hizi sicheki. Mtaona kwa nini.

Jambo moja hakulifanyia mzaha, nalo ni chombo kilichokufa. Kila chombo alichokifua au kukiamini alikitia alama mkiani, mikato mitatu ya tupa, midogo, iliyokaa sambamba. Patasi ikikataa makali, koleo likiacha kubana, Fundi alisugua kwanza ile mikato ikafutika, kisha akakitia chombo motoni siku ileile na kukifua kuwa kitu kingine. Hakukiuza, hakukigawa, hakukitupa jaani. Siku moja nilitaka kumpa seremala jirani patasi iliyochoka, bure, Fundi akanishika kiganja.

"Chombo kizima kinakutii," akasema. "Chombo kibovu unakiona na kukikwepa. Kilichokufa na bado kinafanana na kizima, huyo ni muuaji. Moto!"

Nikatia motoni. Wakati huo nilikuwa naye mwaka wa pili.

Sasa nieleze nilivyofika kwake.

Kijiji chetu kiko karibu na Usoke. Tulilima mahindi na karanga, na nguruwe wa porini walilima baada yetu. Mwanangwa wetu, kiongozi wa kijiji, aliitwa Kasonta Maganga. Huyo ndiye wa kwanza kwenye orodha yangu. Alikuwa na gobori lenye kibali cha boma, nasi vijana tulilinda mashamba nalo kwa zamu.

Nyuma ya mtutu wa gobori kuna kizibo cha chuma kinachoingia kwa kuzungushwa, kama parafujo nene. Ile mizunguko yake tunaiita hesi. Hesi ikishika, moto wote unatoka mbele. Isiposhika, moto unamrudia mpigaji. Kizibo cha gobori la Kasonta kilikuwa kimeliwa na kutu, akalipeleka Mtendeni kwa Fundi. Akaambiwa kesho. Akarudi, akaambiwa kesho. Mara ya tatu akakasirika, akalibeba gobori lake mpaka Usoke stesheni kwa Mihayo Lubala, fundi wa baiskeli na vitasa. Huyo ndiye wa pili. Mihayo alikata kizibo kipya kwa mchana mmoja, akacheka akisema, "Yule wa Mtendeni anakata chuma au anakaa matanga?"

Kasonta alilipiga mara moja kwenye harusi ya mpwa wake. Moshi ukatoka nyuma, ukamchoma nyusi. Hakumwambia mtu. Alilitundika ukutani, na tangu siku hiyo hakulipiga tena mwenyewe; aliwapa wa zamu. Haya aliyaeleza mke wake mdogo, baadaye, walipoachana.

Zamu yangu ilifika. Nguruwe waliingia alfajiri, nikawaona vizuri kwenye karanga, nikaelekeza, nikafyatua. Mlio sikuusikia. Nilisikia mama akiniita kutoka mbali sana, naye alikuwa ameniinamia. Masista wa zahanati ya misheni walinikata kilichobaki kikining'inia. Shavu langu lina madoa ya bluu mpaka leo, baruti iliyoingia ikakaa.

Kesi ilipelekwa barazani. Wa tatu ni karani wa baraza, Ibrahimu Songoro. Yeye aliandika kwamba nilijaza baruti kupita kiasi kwa ujinga wangu. Kabla ya siku ya kesi, mbuzi wa Kasonta mwenye sikio moja jeupe alikuwa amefungwa uani kwa Songoro. Nilimwona kwa macho yangu, akitafuna kamba.

Fundi aliitwa kutazama kizibo. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona. Alikipokea, akakifuta kwa shuka, akakigeuza juani. Akakigeuza tena. Akapitisha ukucha kwenye hesi, polepole, mzunguko mmoja baada ya mwingine, halafu akasimama kimya muda mrefu mpaka watu wakaanza kukohoa. Nilidhani ananihurumia.

"Hesi hii haikushika tangu siku ya kwanza," akasema. "Kijana hakujaza kupita kiasi."

"Fundi, umeitwa kutazama chuma," Songoro akamkatiza. "Hukuitwa kuhukumu."

"Chuma ndicho kinachohukumu. Mimi nakikalimania."

Lakini karatasi ilikuwa imekwisha andikwa. Nikatoka nimeshindwa, mama akilia nyuma yangu. Nje, Fundi akanirudishia kile kizibo mkononi. "Kitunze," akasema. "Na uje Mtendeni."

"Nije nifanye nini, mzee? Sina mkono."

"Unao nusu. Nusu ina njaa, itajifunza haraka."

Hivyo ndivyo nilivyokwenda, mtu mzima mwenye ndevu, kuanza upya kama ninajifunza kutambaa.

Siku ya kwanza hakunipa nyundo. Alilainisha donge la nta juani, akaliweka katika ule mkono wangu wa vidole viwili, akasema, "Bana." Nikabana mpaka machozi yakatoka. Akaichukua ile nta yenye sura ya maumivu yangu, akaiweka mezani, na kwa siku nne akachonga mpini wa mkole unaofanana nayo kila bonde na kila mlima. Mpini ule aliutia kwenye jiliwa la mkono, kile chombo chenye taya mbili za chuma kinachobana kitu kidogo wakati unakipiga tupa. Aliongeza ukanda wa ngozi wa kuzunguka kifundo. Kidole gumba kikakaa mahali pake, cha mwisho mahali pake, ukanda ukashika palipobaki.

"Hivi ndivyo vitatu vyako," akasema, akizigonga taya za chuma. "Haviumi, na havizeeki upesi."

Lilikuwa jiliwa zuri kuliko chombo chochote pale kibandani. Chuma cha pua, meno safi, parafujo isiyochezacheza. Mkiani mlikuwa na mikato mitatu. Wakati ule vita vya pili vya Ulaya vilikuwa havijaisha, na hata msumari ulikuwa wa kutafuta. Nilimwuliza alilipata wapi.

"Kazi ya fundi ni kupata," akasema, akageukia moto.

Mwaka wa kwanza nilivunja zaidi ya nilichofua. Nilizamisha patasi katika maji ya mtungi, yaliyolala na baridi, ikalia ting na kupasuka toka ncha hadi mkia. Fundi alinilazimisha kukaa na vile vipande mbele yangu kutwa nzima, nisiguse kazi. Jioni akauliza, "Imekwambia nini?" Nikasema, "Imesema maji yalikuwa ya baridi mno." Akasema, "Nenda nyumbani, Viwili. Leo umesikia chuma."

Viwili ndilo jina alilonipa. Wateja walidhani ananidharau. Mimi nililipenda, kwa kuwa wengine wote walihesabu nilivyokosa, yeye akahesabu vilivyobaki.

Mama alipofariki alifunga kibanda siku tatu, yeye ambaye hata Idi alikifunga mpaka adhuhuri tu. Alipanda treni mpaka Usoke, akasimama makaburini na kofia yake kati ya Wakristo wanaoimba, asijue wimbo, midomo ikicheza tu.

Ila kulikuwa na jambo moja sikulielewa. Nilikuwa na desturi, kila mgeni akiuliza kuhusu mkono wangu, kuitaja ile orodha. Kasonta Maganga. Mihayo Lubala. Ibrahimu Songoro. Nilitoa kizibo mfukoni, kwenye kitambaa chake, nikaonyesha hesi. Nilitaka majina yale yajulikane kuanzia Tabora mpaka reli inapoishia. Na kila nilipoanza kuyataja, Fundi aliweka nyundo chini na kutoka nje kunywa maji. Kila mara. Nilidhani nimemchosha. Mara moja nilimwambia, "Fundi, hutaki niwataje?"

"Taja," alisema. "Chuma kilichotajwa hakipati kutu." Akatoka kunywa maji.

Miaka ikaenda. Kasonta alizeeka akiwa mwanangwa, akafa akiheshimiwa, na kwenye matanga yake walisema alikuwa mlinzi wa mashamba. Nilikuwepo. Nilisimama nikasema alivyolinda, nikawaonyesha mkono wangu. Walinitoa nje. Songoro alihamishiwa mahali pazuri zaidi. Mihayo alikwenda kutafuta kazi za migodi upande wa Mpanda, sijui yu hai au la. Kama yu hai, na asome hapa. Mimi nilikuwa fundi kamili, wateja wananiita kwa heshima, na bado nilipokaa na jiliwa lile asubuhi, nikilibana kwa ukanda, hasira ilikuwa ya kwanza kukaa kazini kabla yangu.

Macho ya Fundi yalianza kuondoka kwa rangi. Kwanza akakosa asali, kisha akakosa shingo ya kanga. Siku aliponiuliza, "Viwili, hii imefika?" na mimi nikaona bado ni nyeusi, nilijua. Binti yake aliyeolewa Isikizya akaja kumchukua. Fundi aliniachia kibanda na sanduku la vyombo, alikunja mkeka wake tu.

Mwaka wa tatu tangu aondoke akatuma ujumbe: njoo, na uje na sanduku, na kile kizibo chako.

Nililifunga sanduku nyuma ya baiskeli, nikaenda. Nilimkuta uani kwa binti yake, amekaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, imetulia kama vyombo vilivyofutwa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Ni Viwili?"

"Ndiye."

"Umekonda. Nasikia hatua zako. Kaa." Kisha, bila kuuliza habari za mjini, akasema, "Kwenye mfuniko wa sanduku, bawaba ya kushoto, kuna parafujo nene. Ifungue."

Nikaifungua. Nilikuwa nimelifungua na kulifunga sanduku lile kila siku kwa miaka yote ile, na parafujo ile sikuwahi kuitazama.

"Iweke kando ya kizibo chako. Sasa pitisha ukucha. Kwenye hesi, mzunguko kwa mzunguko."

Nikapitisha. Kwenye parafujo ya sanduku kulikuwa na mkwaruzo mwembamba, unaopanda pamoja na hesi, kama mtu aliyeburuta sindano. Nikapitisha kwenye kizibo. Mkwaruzo uleule. Mahali palepale.

"Bamba langu la kukatia hesi," Fundi akasema. "Lilikuwa na matundu matano, yenye meno ndani. Unaingiza chuma, unazungusha, kinatoka na hesi. Tundu kubwa lilivunjika jino moja, na mengine yakaisha. Hesi yake ilionekana nzuri kwa macho, lakini haikuwa na kina. Ilitosha kushika bawaba. Moto isingeuzuia. Nililitenga. Lilikuwa la moto wa jioni ile."

Binti yake alikuwa analeta uji; Fundi akampungia mkono arudi.

"Mihayo akaja mchana. Ana jiliwa la mkono, amelipata kwa dereva wa lori la jeshi. Vita, Viwili. Nilikuwa sijaona jiliwa kama lile maisha yangu. Nililigonga, likalia kama kengele. Nikamwambia taja unachotaka. Akasema anataka bamba la hesi."

"Ukampa."

"Nikampa. Na mikato yangu mitatu juu yake, sikuifuta."

"Ulimwambia limekufa?"

"Nilimwambia litamfaa kwa bolti za baiskeli."

"Fundi. Ulimwambia limekufa?"

Kuku walipita katikati yetu.

"Hapana," akasema. "Ningemwambia, asingeniachia jiliwa. Na kesho zangu ndizo zilizompeleka Kasonta kwake. Pale barazani nilipogusa kile kizibo nilijua. Ningeweza kusema mbele ya wote. Nikasema nusu. Unawataja watatu, Viwili. Mimi ni wa nne. Nitaje."

Jiliwa lilikuwa ndani ya sanduku, juu kabisa, na mpini wake wenye sura ya nta. Nililitoa. Vidole vitatu vya nyama vilikuwa vimelipa vidole vitatu vya chuma, na mimi nilikuwa nimekula kwa vile vya chuma miaka yote hiyo, nikioa kwa hivyo, nikizikia kwa hivyo. Alisikia mlio wa sanduku.

"Litie motoni, kama unataka. Sitasema kitu. Jiko liko pale."

Nilisogea mpaka jikoni. Makaa yalikuwa yamewaka vizuri. Nilisimama hapo na jiliwa mkononi kwa muda, sijui mrefu kiasi gani, uji ulipoa. Kisha nikaizungusha parafujo yake mara moja, ikaenda laini, bila kuchezacheza.

"Halijafa," nikasema. "Chombo kizima hakitiwi motoni. Ulinifundisha mwenyewe."

Nilifunga sanduku, nikapanda baiskeli. Sikumuaga.

Njia nzima nilikuwa na jambo moja tu kichwani. Mihayo alihama, lakini bamba haliwezi kuhama kwa miguu yake. Liko mahali fulani, lina mikato mitatu, linaonekana zima, na mtu analizungusha. Nilifunga kibanda, nikawaambia wateja kesho, Mungu anisamehe, nikashuka na reli. Usoke hawakuwa nalo. Shemeji yake Mihayo akasema vyombo viligawanywa, vingine viliuzwa Urambo. Urambo nilizunguka kwa kila fundi wa baiskeli, namwonyesha mkono wangu, namwonyesha kizibo, namwuliza.

Wa saba alikuwa kijana mchangamfu, redio inaimba nyuma yake. Bamba lilikuwa mezani kwake. Niliona mikato mitatu kabla sijaona uso wa mwenyewe. Kando yake kulikuwa na kizibo cha gobori, kimekatwa nusu, hesi inang'aa.

"Hiki cha nani?" nikauliza.

"Cha mzee mmoja wa huko mashambani. Nguruwe wanamsumbua. Nimemwambia kesho."

Nikakaa chini pale pale kwenye udongo. Kijana akadhani naumwa, akaniletea maji. Nilikunywa, nikamweleza yote, na nikampa bamba jipya nililolifua kwa mikono yangu kabla ya safari, matundu matano, meno yote mazima. Alipitisha ukucha kwenye la zamani, akapitisha kwenye langu, akanitazama mkono. Kile kizibo tulikikata upya pamoja kabla ya jua kushuka, na mwenyewe alipokuja asubuhi nilikuwa bado nipo, nikakizungusha mbele yake.

Kisha nikarudi Isikizya.

Fundi alikuwa kwenye kigoda kilekile. Sikumpa salamu ndefu. Niliweka bamba mikononi mwake. Vidole vyake vililisoma, tundu kwa tundu, vikafika mkiani, vikasimama juu ya ile mikato.

"Umelipata," akasema, na sauti yake ikavunjika kama ile patasi yangu ya maji ya baridi.

"Lifute."

Nilimpa tupa. Alisugua kipofu, bila haraka, mpaka ukucha wake haukukuta kitu. Nilikoleza makaa, yeye akashika mivuo niliyokuja nayo kwa mikono miwili, akavuta na kusukuma kama zamani. Nilikata pembeni, upande usio na matundu, nikafua. Aliinamisha kichwa kusikiliza nyundo.

"Inakohoa?"

"Hapana."

"Rangi?"

"Asali. Ya nyuki wadogo."

"Zamisha."

Ilikuwa patasi, fupi, pana, ya kuchongea vitako. Nilipoifuta aliuliza, akitazama palipokuwa na mwanga, "Umeshanitaja huko?"

"Wale watatu walikana," nikasema. "Ndiyo maana nawataja mimi. Wewe umejitaja mwenyewe. Sina la kuongeza."

Akatikisa kichwa. Sijui kama lilimpoza au lilimchoma. Sikusema ili limpoze. Nilibana patasi kwenye jiliwa, nikafunga ukanda kifundoni, nikashika tupa kwa kushoto na kuitia patasi alama mkiani. Kisha nikampa. Ukucha wake ukatafuta, ukapata, ukatafuta tena mbele kidogo, ukakuta chuma kisicho na mkato.

"Miwili," akasema.

"Miwili," nikasema, nikaichukua patasi yangu.